Jumapili Aliyofuma Marsaili

Nimenunua na kuuza vitu vingi maishani: ngozi za kondoo, nyavu kuukuu, mashua moja yenye tundu ambalo nililitaja nilipoulizwa tu, na kwa miaka thelathini kitambaa cha sufu. Kwa sababu ya zile ngozi nilizoanzia, kisiwa kizima cha Lewis, kaskazini-magharibi ya Uskoti, kinaniita Ruari Ngozi, na hata nikifa naamini wataliandika hilo hilo kaburini. Kazi yangu ilikuwa kuwapelekea uzi wafumaji wa upande wa magharibi, kurudi kuchukua majora yaliyokwisha, na kuyauza bara. Katika wafumaji wote hao sikupata wa kumfikia Marsaili binti Torcuil. Sisemi hivyo kwa kuwa alikuwa jamaa yangu wa mbali. Nina jamaa wengine waliofuma ovyo, na niliwaambia.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mfupi, mpana wa mabega, na mashavu ya miguu yake yalikuwa magumu kama ya mwendesha baiskeli, maana mtambo wake wa kufumia ulikuwa wa zamani, wa kukanyaga kwa miguu miwili kutwa kucha. Ulikaa kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba. Kitambaa chetu sheria inataka kifumwe nyumbani kwa mfumaji mwenyewe, kwa hiyo kila kijiji kilikuwa na milio yake, na kila mtambo na sauti yake. Wa Marsaili ulikuwa ukichechemea. Ulipiga mara mbili kwa nguvu na mara ya tatu kidogo, kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Hata wewe usiyejua kitu ungeutambua ndani ya siku mbili.

Nyumbani alikaa na mama yake, shangazi Anna, mwenye miaka themanini na minne. Miguu ya mama huyo ilikuwa imekwisha, masikio nayo yalikuwa njiani kuifuata, lakini ulimi ulikuwa mzima. Kumgeuza kitandani, kumlisha, kumwosha, kuingiza udongo mkavu wa mboji tunaouchoma badala ya kuni, kuchunga kondoo kumi na wawili, vyote vilikuwa juu ya Marsaili, kisha ndiyo kufuma. Hakuwa mtu wa kulalamika, na mtu asiyelalamika ni hatari, kwa kuwa mfanyabiashara humwongezea.

Mimi ndiye niliyemwongezea. Mwanzoni mwa Juni nilipata fundi wa makoti wa Edinburgh aliyetaka majora nane kwa wiki tatu. Mfumaji mzuri alitoa mawili kwa wiki.

"Sita," akasema Marsaili.

"Nane."

"Ruari, nina mgonjwa ndani. Na wiki ya tatu ndiyo ya ushirika."

"Lori linakwenda melini Ijumaa ya wiki hiyo hiyo. Sikuombi ufume Jumapili."

"Ungeweza kuniomba hilo na nyuso zetu zikaendelea kujuana?"

"Sikuombi, nimesema. Nane. Fundi huyu akiridhika, una kazi mpaka uzeeke."

Alinitazama. Najua sura ya mtu anayekubali kwa hofu, maana nimefanya faida nyingi juu ya sura hiyo. Akasema nane.

Ushirika kwetu huja mara mbili kwa mwaka, na unapokuja huchukua siku tano. Alhamisi ni ya kufunga na kutubu, na hushikwa kama Jumapili: hakuna jembe, hakuna mtambo. Jumapili yenyewe ndiyo ya meza ya Bwana, na Jumatatu ni ya shukrani. Wageni huja kutoka vijiji vingine na kulala popote penye godoro. Lakini wanaoikaribia meza ni wachache. Mimi nimekwenda kanisani maisha yangu yote na sijawahi kuikaribia. Hukaa viti vya nyuma pamoja na watu wengine wenye mambo yao. Anayekaribia hutazamwa maisha yake mwaka mzima, na Jumamosi wazee wa kanisa humpa kipande kidogo cha bati cha kuingilia. Wakimwona hastahili, hawampi. Marsaili alikuwa mtu wa mezani tangu ujana wake, na hakuna chochote katika kijiji kile, nyumba wala kondoo wala mtambo, alichokithamini zaidi.

Basi akafuma. Wiki ya kwanza nilipita nikakuta majora mawili na nusu, ya pili, siku ya Alhamisi, yakawa yametimia matano. Uso ulikuwa umemwingia ndani. Nilimwona akila kiazi baridi akiwa amesimama, mkono mmoja ukifunga uzi uliokatika.

"Unalala?" nikamuuliza.

"Nalala Jumapili."

"Kanisani?"

"Usinichekeshe, nitapoteza hesabu."

Jumamosi ya mwisho kabla ya wiki ya ushirika nilikuja kulala kwa kaka yangu, nyumba ya nne kutoka kwa Marsaili. Asubuhi yake, kama saa tano na robo, tulikuwa barabarani kuelekea ibada ya saa sita, kijiji kizima katika nguo nyeusi, wanawake na kofia zao. Mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu, mwanga wa kijivu usio na upande. Hakuna gari, hakuna mbwa. Ndipo tukausikia.

Mara mbili kwa nguvu, mara ya tatu kidogo.

Hakuna aliyesimama. Tulipunguza mwendo tu, kila mtu akitazama viatu vyake.

"Ni redio ya mtu," akasema mke wa kaka yangu.

"Redio gani inachechemea?" akajibu kaka yangu.

Kwa watu wa kwingine mtambo kulia Jumapili ni kelele. Kwetu, siku ambayo hata viazi huwa vimemenywa jana yake, ilikuwa kama kuona jirani yako anayemcha Mungu akipita uchi. Mbele yetu alikuwa Tormod, mzee wa kanisa na kiongozi wa zaburi, mzee wa miaka sabini aliyewahi kuwinda nyangumi kusini ya dunia. Alifika kwenye lango la Marsaili wakati ule ule mtambo uliponyamaza. Mlango wa banda ukafunguka. Marsaili akatoka na aproni yake, mikono myeusi kwa mafuta ya uzi, akatazama mbingu kama mtu anayepima mwanga uliobaki. Kisha akatuona, mstari mzima wa watu wenye nguo nyeusi.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa, Marsaili," akasema Tormod. "Tunakwenda kanisani."

"Saa hizi?"

"Ndiyo saa yake."

"Jumamosi?"

Hapo nikaelewa. Juni kwetu saa nne ya usiku na saa nne ya asubuhi zina mwanga mmoja, na kukiwa na mawingu hata aliyezaliwa hapo hawezi kuzitofautisha. Alikuwa ameketi kitini Jumamosi saa moja jioni ili avue viatu tu. Akalala. Alipoamka saa ya ukutani ilisema saa nne, mwanga ulikuwa ule ule, mama yake alikuwa kimya, na yeye akapiga hesabu kwamba amebakiwa na saa mbili kabla ya Jumapili kuingia saa sita usiku. Akakimbilia mtamboni kuziwahi. Alikuwa akifuma kwa kasi kubwa ili asije akaivunja siku ya Bwana.

"Leo ni Jumapili, mwanangu," akasema Tormod kwa upole. "Imekwisha kuwa Jumapili saa nyingi."

Marsaili aliishika fremu ya mlango, akaitazama mikono yake, akaingia ndani. Hakuja ibada ile, wala ya jioni.

Jumatatu nilipitia kwake na gari. Sitasema nilikwenda kumfariji. Yalikuwa yamebaki majora mawili na siku zilikuwa zimekwisha. Nilimkuta bandani ameketi kwenye kibao chake bila kufuma, mkasi mkononi, akikitazama kile kipande cha Jumapili, kama mita mbili hivi.

"Nakifumua," akasema.

"Kufumua ni nusu siku."

"Ruari, kwa heshima yote ya ukoo, toka."

Kabla sijatoka Tormod akaingia, amevua kofia. Nikaona amekuja kwa kazi ya uzee wa kanisa, nikataka kupita, lakini banda lilikuwa dogo na yeye alikuwa mlangoni.

"Kaa, Ruari Ngozi," akasema. "Haitakudhuru."

Marsaili akasimama. "Mzee Tormod, sema tu. Najua sitapewa kibati. Nimekwisha kujiambia mwenyewe, umechelewa."

"Wazee tulikaa jana jioni."

"Mlisema nini?"

"Mmoja alisema umeasi. Mwingine alisema umekufa na mtambo unajiendesha wenyewe. Tukazungumza kidogo." Akakaa juu ya gunia la bobini za uzi bila kukaribishwa. "Nilipokuwa kwenye meli za nyangumi, kulikuwa na mtu wa Norway aliyefanya kazi siku tatu bila kulala, maana nyama ilikuwa inaharibika. Siku ya nne alitoka kwenda kukata mafuta akiwa amevaa kiatu kimoja, kwenye barafu. Tulipomrudisha aliapa viatu vyote viwili viko miguuni. Kidole hakikupona."

"Mimi sikupotewa na kiatu. Nilipotewa na Jumapili."

"Ndiyo, kwa kusahau. Kwa hilo hakuna mtu wa kukuhukumu, na Mungu anajua Juni ilivyo, ameiumba yeye. Mimi nimekuja kwa ajili ya zile siku sita."

"Siku sita zipi?"

"Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili umefuma bila kujua. Hizo sita umefuma unajua, zaidi ya mwili wako, zaidi ya nguvu alizokupa. Tangu lini ulipewa kazi ya kuushikilia ulimwengu? Nafasi hiyo ina mwenyewe, na hajatangaza kwamba anatafuta msaidizi."

Kutoka ndani ya nyumba sauti ya shangazi Anna ikapenya ukuta: "Nani huyo anaongea kama mhubiri?"

"Ni Tormod, mama," Marsaili akajibu kwa sauti kubwa.

"Mwambie azungumze kwa sauti au aondoke."

Tormod akaongeza sauti bila kubadilisha maneno mengine. "Unajua neno ninalolipenda katika siku ya kupumzika? Kwamba tuliamriwa. Kama ingekuwa ruhusa tu, watu kama wewe msingeitumia. Mngesema wengine wapumzike kwanza."

Marsaili aliketi tena. Alilia kidogo, kikavu, kama mtu anayekohoa. Halafu akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile, nami si mbebaji wa maneno. "Nimemwamini Mungu kwa roho yangu miaka thelathini," alisema. "Kwa majora nimekuwa simwamini hata kidogo."

"Basi anzia na haya mawili," akasema Tormod. "Na usikifumue hicho kipande. Ni kitambaa kizuri."

Hakukifumua. Mahali fulani Edinburgh kuna bwana aliyevaa Jumapili ya Marsaili mgongoni bila kujua.

Nilitarajia kwamba baada ya machozi kazi ingekwenda mbio. Nimeona watu wakitubu kisha wakazidisha bidii. Yeye alifanya kinyume. Jumatatu hiyo alifuma hadi saa kumi na mbili jioni, akafunga banda, akampa mama yake uji, akalala. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano nilipokuja jora la saba lilikuwa limekwisha, na la nane lilikuwa ni nyuzi za mtande tu, zile za kwenda urefu, zimefungwa tayari.

"Kesho," nikamwambia. "Kesho na keshokutwa asubuhi, likitoka nusu tutasema kitu. Funga mlango wa banda, weka gunia dirishani."

"Kesho ni Alhamisi ya kufunga."

"Alhamisi si Jumapili."

"Na mtambo wangu si paka wa kunyata. Kila mtu kutoka hapa hadi makaburini anaujua." Alicheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. "Ruari, wewe ndiye uliyesema nane. Mimi ndiye niliyeogopa nikasema ndiyo. Kwa hiyo tumekosa wawili. Mimi nimekwisha kutubu sehemu yangu. Yako inahitaji simu."

"Nimwambie nini fundi?"

"Ukweli. Najua hujauzoea, lakini simu haioni uso."

Nikaenda kwenye kibanda cha simu cha posta. Sitadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Fundi yule alisema hajawahi kusikia mkataba unaovunjwa kwa sababu ya kufunga na kuomba. Nilimwambia basi ameishi mbali sana na kaskazini. Nilimpa mita tatu za bure na ahadi ya siku kumi kwa jora la nane, na yeye akaniita majina ambayo hayasemwi wiki ya ushirika. Lakini akakubali. Mita tatu hizo zilitoka kwangu, na sikufurahi.

Alhamisi wageni wakafika. Nyumbani kwa Marsaili walikuja dada wawili kutoka Ness, kaskazini mwa kisiwa, wanawake wakubwa wenye mikono ya kusukuma mashua. Walimtazama usoni mara moja. Baada ya ibada walichukua zamu ya shangazi Anna, wakachukua sufuria, wakamwingiza Marsaili chumbani saa tisa mchana wakafunga mlango.

"Nina wageni," nikamsikia akisema kwa ndani.

"Sisi ndio wageni," wakajibu. "Lala."

Alilala hadi asubuhi. Shangazi Anna alituambia sote kwa sauti ya juu kwamba hajawahi kuhudumiwa vizuri hivyo na angependa ushirika uwe kila mwezi.

Jumamosi, baada ya ibada, wazee walisimama mbele na vibati vyao. Marsaili alikwenda kwenye mstari. Alipewa kama wengine, bila neno. Lakini kupewa si kukaa mezani. Usiku wa kuamkia Jumapili, kaka yangu aliniambia, watu watatu walikuwa wamebishana kama angethubutu, na nina hakika naye alibishana nafsini mwake zaidi yao.

Meza kwetu ni viti vya mbele vilivyofunikwa kitambaa cheupe. Mhubiri anapowaita, kiongozi wa zaburi huanza kuimba, mstari mmoja yeye, kisha watu wote nyuma yake kama bahari inayojaa, na wanaokuja husimama walipokaa na kutembea polepole katikati ya wimbo. Wimbo hukoma viti vikijaa. Kiongozi alikuwa Tormod. Nilikuwa nyuma kabisa, na niliona migongo yote.

Walitoka wazee, wakatoka wale dada wa Ness, akatoka mwalimu wa shule na mkewe. Marsaili alikuwa ameketi pembeni, kofia nyeusi imeinama. Tulimaliza beti mbili, tatu, nne. Viti vilijaa isipokuwa kimoja, upande wa mlango. Mhubiri alimtazama Tormod, ishara ya kumaliza. Tormod alifumba macho, kama mtu asiyeona ishara, akaanza ubeti mwingine. Tukamfuata. Ulipokwisha akaanza mwingine tena. Hapo kila mtu kanisani alijua anachofanya, na watu wakaimba kwa nguvu zaidi. Hata mimi niliimba, mimi ambaye huwa nachezesha midomo tu. Nilijiambia mzee huyu hana tena sauti ya kupoteza, ataanguka.

Alikuwa katikati ya mstari, sauti imeanza kukwaruza, Marsaili aliposimama. Hakutazama upande wowote. Alitembea kama anavyotembea kutoka bandani kwenda nyumbani, akaketi kwenye kile kiti. Tormod alimaliza mstari wake na akanyamaza pale pale, katikati ya ubeti.

Kwenye Jumatatu ya shukrani nilimwuliza Marsaili nje ya kanisa kilichomfanya asimame. Nilitaka kujua kwa ajili yangu, ingawa niliuliza kama utani.

"Nilichoka," alisema. "Kuona haya nako ni kazi, Ruari, na nilikuwa nimepiga marufuku kazi. Nikaona yule anayeniita hajataka nije nikiwa nimemaliza majora. Anataka nije tu."

Nikamwambia ibada imekuwa ndefu.

Jumanne saa mbili asubuhi nilisikia mtambo tokea barabarani. Jora la nane lilikuwa limeanza vizuri, kingo zimenyooka. Fundi wa Edinburgh alikuwa amepiga simu, nilimwambia. Ameyaona yale saba na pamoja na matusi yake anataka mengine. Kwa hiyo nilikuwa na oda mpya mfukoni.

"Sita kwa wiki tatu," nikasema, nikijiona mwungwana.

"Matano."

"Marsaili. Sita ndiyo kasi yako, kila mtu anajua."

"Sita ndiyo kasi ya mtambo. Yangu ni matano."

"Mfumaji mwingine ataniambia saba."

"Mpelekee." Hakuacha kukanyaga. "Na wiki ya ushirika wa Oktoba uitoe kabla hujafungua mdomo. Na Jumamosi nafunga saa tisa mchana, maana nimejifunza kwamba Jumapili haianzi saa sita usiku kwa mtu aliyechoka. Inaanza pale anapoanza kusinzia."

"Na bei ya jora?"

"Inapanda kidogo. Kitambaa kilichofumwa na mtu aliyelala ni kizuri zaidi, umekiona mwenyewe."

Nilikuwa nimekiona. Ndiyo shida ya kumfundisha mtu biashara bila kujua kwamba unamfundisha. Nilijaribu matano na nusu. Akasema nusu jora litamfaa nusu mtu, kama ninamjua. Nikamkumbusha kuhusu zile mita tatu zilizotoka kwangu, naye akasema ni sadaka, nisizitaje mara mbili nikapoteza thawabu.

Nikatoa penseli nikaandika matano.